Nani Amepandisha Kamba ya Nguo?

Bi Zuena wa Chang'ombe alikuwa mjane aliyevuka miaka sabini. Aliishi na mwanawe, Mudathir, na mke wa mwanawe, Lulu. Kila asubuhi alianika kanga zake uani. Siku moja alinyoosha mkono, kamba ikawa mbali. Akasimama kwa ncha za vidole, bado hakuifikia. Akaitazama kamba kwa jicho baya. Kuna mtu ameipandisha, alijiambia, na katika nyumba ile hakuona wa kumshuku ila Lulu.

Shaka ikishamwingia Bi Zuena haitoki upesi. Baibui lake, lililomkaa vizuri mwaka juzi, sasa lilifagia sakafu. Basi Lulu amelibadilisha. Na mgongo je? Mgongo ulimshika ghafla alipoinua ndoo ya maji, na ndoo yenyewe aliijaza Lulu. Akajumlisha mambo yote, akapata jibu lake: mkwe anataka kumtoa nyumbani.

Tangu hapo akajifungia chumbani kulinda vitu vyake. Jua aliliona kupitia dirishani tu. Lulu akimletea maziwa, aliyamwaga. Akimpikia dagaa, alisema hana hamu. Alishindia chai ya rangi na maandazi ya kununua. Lulu alijua kwamba anashukiwa, lakini alinyamaza. Hata kunyamaza huko Bi Zuena alikuona ni ushahidi.

Mwisho alimwita Mudathir. "Ama mie, ama mkeo," alisema. "Jumapili ndugu wanakuja. Utachagua mbele yao."

Mudathir alimpenda mama yake, na alimpenda mkewe. Akaacha kula, maskini.

Jumapili wa kwanza kufika alikuwa Bi Mwanaidi, mdogo wake Bi Zuena, kutoka Kawe. Alikuja na mkandaji mwenye mikono mizito, amkande dada yake mgongo kabla ya kikao. Dada hao wakakumbatiana mlangoni. Bi Zuena akashtuka. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa mrefu. Leo macho yake yalikutana na pua ya mdogo wake.

"Umevaa visigino?" aliuliza, akimtazama miguuni.

Bi Mwanaidi akavua makubadhi yake. Bado alikuwa mrefu kuliko dada yake. "Dada," alisema taratibu, "mbona umepungua?"

Mudathir aliyasikia hayo, akatoka kwenda kumwita Felicitas, muuguzi waliyepakana naye nyumba. Felicitas alipoingia, mkandaji alikuwa ameshafungua chupa ya mafuta. Felicitas akamwomba mkandaji asubiri. Mgongo kama ule ukikandamizwa, alisema, unaweza kuumia zaidi.

"Umeletwa na Lulu?" Bi Zuena aliuliza.

"Shikamoo, mama. Nimeitwa na mwanao."

Felicitas aliupapasa mgongo polepole. Akauliza maumivu yalianza lini, na kama Bi Zuena ameona amepungua urefu. Bi Zuena akamweleza habari ya ndoo, ya baibui na ya kamba.

"Mifupa huisha nguvu kimyakimya," Felicitas alieleza, "hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Siku unainua ndoo, au unakohoa tu, pingili ya mgongo inabonyea na kuvunjika. Zikibonyea kadhaa, unakuwa mfupi na mgongo unapinda. Watu wanasema ni uzee. Kumbe ni mifupa imevunjika."

"Na kamba?"

"Kamba iko palepale, mama. Wewe ndiye umeshuka."

Kisha Felicitas akauliza anakula nini. Mifupa inahitaji maziwa, dagaa, mboga za majani na jua, alisema. Bi Zuena akayakumbuka maziwa aliyoyamwaga. Alitazama pembeni, akaliona begi la Lulu ukumbini, limefungwa tayari. Aibu ikamjaa kifuani.

Ndugu walipokwisha kaa, alisema mwenyewe. "Nimewaita hapa nimsingizie mtoto wa watu. Lulu, mwanangu, nisamehe. Rudisha begi ndani."

Lulu alifuta machozi. Maneno yale yalikuwa yamemuumiza, na hakuficha. "Nitalirudisha, mama. Lakini kesho twende hospitali, na nikikupa maziwa unywe."

Picha ya eksirei ilionyesha pingili zilizovunjika. Daktari alimpa dawa ya maumivu na dawa ya kuimarisha mifupa. Alimkataza kuinua vitu vizito na kuinama ghafla. Alimfundisha mazoezi mepesi, na alimwambia Lulu aondoe mikeka inayoteleza sakafuni, kwa sababu kuanguka kungevunja mifupa mingine.

Mgongo wa Bi Zuena haukunyooka tena. Kilichokwisha bonyea hakirudi. Lakini maumivu yalipungua, na baada ya miezi kadhaa aliweza kwenda sokoni kwa miguu, Lulu akibeba kikapu. Nyumba ikatulia, na Mudathir akanenepa kidogo.

Siku moja Bi Mwanaidi alikuja kuwatembelea. Alikaa kitini kwa shida, mkono kiunoni. Lulu akamuuliza kulikoni.

"Mgongo tu, mwanangu," alisema. "Ni uzee."

Bi Zuena akamgeukia kwa jicho lake lilelile la shaka. "Uzee, nani kakwambia?" aliuliza. "Lulu, jitayarishe tutoke. Tunampeleka mama yako mdogo akapigwe picha."