Pengo la Vipigo Vinne

Maikrofoni ilikuwa moja, mpiga gitaa mmoja, na mlango ulikuwa umefungwa. Kwenye rekodi kulikuwa na magitaa mawili.

Mke, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mitambo, alivua hedifoni, akazivaa tena.

"Nani alikuwa na wewe humo ndani?"

"Mablanketi," mumewe akajibu.

Mablanketi yalikuwepo kweli, yamepigiliwa misumari kwenye kuta za stoo ili kuzuia kelele za barabarani. Humo mume na mdogo wake walikuwa wamepiga magitaa miaka ishirini, bila mwimbaji, bila neno: mkubwa anauliza kwa nyuzi, mdogo anajibu. Sasa mdogo huyo, shemeji yake mke, alikuwa na miezi minane kaburini, na mume aliendelea kupiga nusu yake tu. Kila akimaliza kuuliza, aliacha vipigo vinne vya kimya, akikitikisia kichwa kiti kitupu cha mdogo wake.

"Nikipiga na sehemu yake, nitakuwa nimemzika mara ya pili," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia mkewe tangu harusi, kwa hiyo mke hakubisha.

Mke angeweza kuifuta rekodi ile. Aliisambaza. Watu wakapagawa. "Haina neno hata moja, na imenisemea yangu yote," aliandika mmoja. Wasomi nao wakaandika kuhusu "mazungumzo ya mbao na roho", maneno yasiyo na maana yoyote, lakini yalisambazwa sana.

Kisha stoo ikaanza kunuka mbao mbichi, kana kwamba mti umeangushwa humo dakika hiyo, ilhali gitaa lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao. Na kiti kitupu, mke alipokigusa mchana mmoja, kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Na alipoongeza sauti kwenye hedifoni akasikia, katikati ya noti na noti, kucha ndefu zikikwaruza nyuzi na kitu kikivuta pumzi karibu mno na maikrofoni, kikingoja zamu yake.

Alimvuta mumewe hadi jikoni.

"Baba watoto," alinong'ona, "huyo si mdogo wako."

"Shh! Atasikia."

"Shemeji alikuwa na kidole kibovu. Alichelewa kila mara, mkagombana kila mara. Huyu hachelewi."

Mume alifunga mlango wa jikoni.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana napiga naye vizuri zaidi."

Baada ya hapo hakusema tena. Akiulizwa kitu, aligonga vidole mezani.

Mganga alikuja na simu mbili na mkoba wa ngozi. Alianza kutaja majini kwa kabila na rangi zao. Mke akamwomba aruke mpaka kwenye dawa. Lakini alipoingia stoo na kusikia wimbo mmoja, jasho lilimtoka, na madoido yote yakamwisha.

"Huyu hakuvunja mlango, mama. Mlimwekea kiti. Kila mkiacha kimya, mnamkaribisha. Mumeo ajaze mapengo mwenyewe."

Mume alipiga huku analia, nusu yake na nusu ya marehemu, bila kupumzika. Mablanketi yalivimba kama kifua, misumari ikaruka, kiti kikaanguka chali. Harufu ikakatika.

Rekodi ya siku hiyo ilikuwa na gitaa moja, safi, halina kosa, na halikumgusa mtu. Wasikilizaji wakahama. Mume alilitundika gitaa ukutani jikoni, juu ya meza ya chakula, na ulimi wake haukurudi.

Mchana mmoja mke alimpakulia.

"Kimekutosha, au nikuongeze?"

Akangoja. Alikuwa amengoja hivyo tangu siku ya kwanza ya ndoa, maana mumewe alikuwa mzito wa kujibu hata enzi za uzima wake. Ila hakuwahi kuhesabu. Sasa alihesabu: moja, mbili, tatu, nne.

Mume aliendelea kutafuna. Juu ya kichwa chake, kwenye gitaa ambalo hakuna aliyeligusa, noti tatu zikatoka, laini, bila kuchelewa.

Jikoni kote kulinuka mbao mbichi.

Mke hakupiga kelele. Alisogeza kiti karibu na ukuta, akalitazama gitaa, akashusha sauti.

"Na wewe je," akauliza, "umeshindaje leo?"

Akaacha pengo.