Bomba la Mshazari

Jamaa alikuwa analamba kidole gumba. Larysa Hnatiuk, nyuma yake kwenye foleni ya perohi, vile vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi, mtaa wa viwanda, Edmonton, Kanada, angevumilia hilo. Kilichomshinda ni kidole hichohicho, kinang'aa mafuta ya vitunguu, kutua juu ya mchoro wa mabomba alioutoa yeye kiwandani asubuhi ile.

"Kaka, hiyo ni karatasi ya kazi au ya kufutia mikono?"

Jamaa akageuka, ovaroli ya buluu, macho ya kucheka. "Kumbe umechora wewe? Kazi safi hivi, nilidhani ni ya mzee mwenye miwani."

"Na mimi nilidhani una adabu."

Ndivyo alivyomjua Armand Pelletier, fundi bomba. Namba ya simu alimpa kwa kinyaa, na kwa kinyaa hichohicho akawa anapokea kila siku.

"Umeshakula, mama michoro?"

"Usiniite hivyo."

"Basi kipenzi."

"Hilo baya zaidi." Na huku anatabasamu, asitudanganye.

Kazi yake Larysa ilikuwa michoro ya aksonometri, ile inayoonyesha pande tatu za kitu kwenye karatasi bapa. Bomba la kusimama huchorwa wima, la kulala huinuliwa digrii thelathini kulia au kushoto, duara hubonyezwa likawa yai. Kompyuta yake ilijua urefu na upana tu, lakini jicho la fundi liliona na kina. Alijivunia hilo kupita kiasi.

Penzi lilikuwa na miezi mitatu bomba moja la mshazari lilipofika kwa mteja likiwa fupi. Bosi wao akawaita wote wawili, mchoraji na mkataji.

"Mchoro wangu hauna kosa," Larysa akasema. "Amekata ovyo, kama mlevi."

Armand akautazama mchoro, akamtazama yeye. "Labda mkono uliteleza," akasema. Akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Larysa akaacha kupokea simu zake. Fundi mzembe alimchefua.

Ijumaa akafungua mchoro ule ili bomba likatwe upya. Ubavu mmoja sentimita sitini, wa pili sitini, zikikutana kwa pembe mraba. Mshazari unaoziunganisha, sitini pia. Haiwezekani, hata mtoto wa shule anajua. Katika michoro hii ni zile pande tatu tu, wima, kulia na kushoto, zinazosema kweli. Mshazari hupigiwa hesabu. Yeye aliiachia kompyuta ipime mstari ulivyolala kwenye karatasi. Ilitakiwa themanini na tano.

Safari hii aliyemchefua ni yeye mwenyewe. Akasahihisha, akalizungushia kosa mstari wa mfano wa wingu, alama ya wachoraji ya marekebisho, akaandika pembeni: Kosa la mchoraji, L. Hnatiuk. Akampelekea bosi mkononi. Kisha akapiga simu.

"Armand, ulijua?"

"Nilijua palepale."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nakukinga, kipenzi."

"Unanitia kinyaa. Umeniacha nikutukane mbele ya watu, nikaenda nyumbani nikalala fofofo. Hapo ulinikinga na nini?"

"Sikulifikiria hivyo. Nisamehe."

"Wa kuomba msamaha ni mimi. Nimekosa, na nilikusema vibaya. Jumatatu unarudi kazini, bosi ameshasaini." Larysa akafuta machozi kwa mkono wa sweta. "Ila ukinifichia kosa langu tena, hata tukiwa na wajukuu, nakufukuza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu, mjinga wewe. Njoo tuyaongee. Na unawe mikono kwanza."