Kitambaa Nilichoifunikia Mashine ya Aiskrimu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, mke mmoja, na diploma moja ya shule ya usiku niliyoipigilia ukutani kwa misumari minne isije ikakimbia. Mimi ni mtu wa kucheka. Hapa Mbugangari, mjini Gisenyi, kicheko changu kinasikika mpaka Goma bila kuonyesha jeto, kile kikaratasi cha kuvukia mpakani! Lakini haya ninayowasimulia leo... sijawahi kuyasema nikicheka.

Kaka yangu mkubwa, Faustin, tunamwita Yaya kama wakubwa wote wa kwetu; naye huniita Petit, yaani mdogo. Ni fundi wa friji huko Goma. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Nilipotaka kufungua duka la aiskrimu laini, alifunga karakana yake siku nzima twende kuchagua mashine pamoja.

Nikaona moja yenye midomo mitatu, pana kama altare. Moyo ukaruka! Yaya akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ile inapoozwa kwa maji, na maji ya mtaani kwetu yanakuja siku yakipenda. Tena ni kubwa mno: wateja wakiwa wachache, maziwa yatakorogwa humo ndani mpaka yageuke siagi. Akachagua ndogo, ya mdomo mmoja, inayopoozwa kwa hewa.

Nilikubali kwa mdomo tu. Moyoni nikasema: huyu anataka nibaki mdogo...

Alipoifunga dukani kwangu akaniambia, "Petit, nyuma uache nafasi ya mukono muzima. Hii inapumua kama mutu."

Nikamjibu, "Yaya, mi niko na diplome."

Akacheka. Mimi nikacheka kumzidi.

Alipoondoka nilifanya nini? Duka lilikuwa dogo kama kiberiti, nikaisukuma mashine mpaka ikabusu ukuta. Kisha mke wangu Odette akaleta kitambaa alichokifuma kwa mkono, ndugu wa kile kinachofunika televisheni yetu, na redio, na migongo ya viti. Kitu cha maana kikae uchi mbele ya wageni? Haiwezekani! Tukaifunika juu na mbavuni, kitambaa kikaning'inia mpaka chini ya matundu ya hewa. Ikapendeza kama bibi harusi.

Jumapili ya ufunguzi, ibada ilipoisha, walikuja watu wa kujaza makanisa manne. Mashine ilitoa koni kumi nzuri. Kumi na mbili labda... Kisha nikavuta mkono wa mashine, ukatoka uji. Nikavuta tena, yakatoka maziwa. Mota ikaunguruma, ikanuka kuungua, ikazima. Watoto wakabaki na koni zilizolowa mikononi.

Jirani mmoja akasema taratibu, "Professeur, letea basi mukate, tukunywe hii chai."

Umati mzima ukacheka. Mimi, mchekeshaji wa mtaa, nachekwa!

Yaya, aliyekuwa amevuka mpaka kuja kwenye ufunguzi, akasogea kutazama nyuma ya mashine. Nikamzuia kwa kifua. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba amenichagulia chuma chakavu makusudi, kwamba hajawahi kutaka nimpite. Hakupandisha sauti.

"Petit, toa kwanza kile kitambaa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka katika kinywa chake kikiwa kizima.

Nilishika jagi la chuma la kumiminia maziwa, limejaa, nikampiga nalo usoni. Nilisikia taya likivunjika... mlio wa kuni kavu. Akaniegemea, tukaanguka pamoja juu ya mashine, ikasogea kutoka ukutani. Nami sikuacha! Nilimpiga tena, na tena. Meno mawili yalilala sakafuni katikati ya maziwa. Hakurudisha hata ngumi moja. Alinyanyua mkono tu, kama alivyonikinga na mvua nilipokuwa mtoto.

Wanaume watano walinivuta. Odette alinyofoa kitambaa chake kwenye mashine, akakifunga kwenye taya la Yaya. Kikageuka chekundu kabla hawajamfikisha barabarani.

Walinikalisha chini kungoja polisi. Baada ya muda, mashine, sasa iko uchi na mbali na ukuta, ikawaka yenyewe. Odette aliporudi kunitazama, akavuta mkono wa mashine. Aiskrimu ikatoka. Nyeupe, ngumu, imesimama wima...

Ningetamani iwe imekufa kabisa!

Niliachiliwa kwa sababu Yaya, taya limefungwa nyaya, aliandika kwenye karatasi: "Muachilieni, ni mutoto wangu."

Daktari alimruhusu vitu laini tu. Basi kila siku nilimpelekea aiskrimu kwa mkono wa Odette, ndani ya chupa ya baridi. Kila siku chupa ilirudi imejaa, imeyeyuka. Taya limepona sasa, ingawa limekaa upande. Chupa bado inarudi.

Ndugu zangu, mkinunua mashine, ulizeni inapoozwa na nini, mkaiachie pumzi yake. Na mtu aliyewalea akisema toa kitambaa... nawasihi, toeni kitambaa! Mimi biashara yangu inakwenda vizuri. Koni ya kwanza ya kila asubuhi ni ya Yaya. Naiweka juu ya meza, naiangalia ikiyeyuka.