Usiguse Giza la Nyuma

"Nassir, huyu mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Nyuma ya kinyonga. Amesimama kati ya miti, anakuangalia."

Kwenye simu nilisikia mvua ikipiga bati huko kwao Magamba.

"Kuluthumu, umeongeza mwanga?"

"Kidogo tu."

"Nilikwambia usiguse giza la nyuma!"

Akakata.

Kazi yangu ni kusafisha picha, hapa Lushoto mjini. Nafuta chunusi za maharusi, napaka bluu nyuma ya picha za pasipoti. Nassir, mchumba wangu, hupiga picha vinyonga wa msituni, na siku zote hutaka kinyonga ang'ae, nyuma pawe peusi tii. Ndoa yetu ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, ukungu umeshuka mpaka nikawasha taa.

Mimi ukinikataza kitu ndiyo umenituma. Nikafungua picha ya pili, nikainua mwanga. Yupo. Ya tatu, yupo. Nikamvuta karibu. Alikuwa Tatu, mke wake, aliyezikwa miaka miwili iliyopita. Picha za harusi yao nilizisafisha mimi, na tabasamu lilikuwa lile lile.

Ujumbe ukaingia: "Ya mwisho usiifungue. Nakuja."

Nikaifungua.

Walikuwa wanawake wawili, bega kwa bega. Tatu, na mimi. Macho nimefumba.

Nassir aliingia ameloa chapachapa, bodaboda ikimngoja nje.

"Umemweka wewe?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Kwenye kila picha?"

"Kila moja. Halafu naweka giza juu yake, asionekane na watu."

"Na mimi je?"

"Nilikupiga siku ile umesinzia hapo kwenye kiti."

"Mimi niko hai, Nassir!"

"Najua. Tatu aliniomba nimpige picha msituni. Nikamwambia kesho, kinyonga atanikimbia. Kesho yake akaamka na homa, wiki haikuisha tukamzika. Wewe nimekuwahi."

Alisema kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi. Nampenda, sikufichi.

"Nitoe humo."

"Nikikutoa, siku ukiondoka nitabaki na nini?"

"Sijaondoka! Nimekaa mbele yako. Niangalie."

Akaniangalia, kidogo tu. Kisha macho yakarudi kwenye kioo cha kompyuta, akainama, akaugusa kwa kidole ule mwili wangu mwingine.

"Mkono wa kushoto haujakaa vizuri," akasema. "Nitaurekebisha kabla ya Ijumaa."

Ningemsamehe kama angelia. Ningemsamehe hata kama angenigombeza. Niliinuka, nikachukua simu, nikampigia mama huku yeye akisikia kila neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mchele wa pilau umeshafika, shangazi zako wanauchambua."

"Mama, mwambie shekhe asije Ijumaa."

"Yarabi! Kuna nini? Nassir amepata mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Amekupiga?"

"Hajanigusa."

"Sasa hakupendi?"

Nassir alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu, ameshika kipanya, ananyoosha vidole vyangu kimoja kimoja.

"Ananipenda sana, mama," nikasema, machozi yakinishuka. "Ila ananipenda kama marehemu."