Chumba Kisichojibu Sauti

Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, Mabruka alimwaga maji kwenye vigae vya ua akavifagia mpaka vikang'aa. Kisha alibandika birika la chai, akaketi kwenye mtambo wake wa kufumia mazulia. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afariki. Ndiyo iliyowalisha wanawake wengi wa mtaa wake pale mjini Kairuani.

Kiangazi kilikuwa kimeingia. Kama majirani zake wote, Mabruka alikuwa ameshayakung'uta mazulia vumbi, akayakunja, akayapanga stoo pamoja na magodoro ya sufu na mablanketi. Sakafu ilibaki tupu ili nyumba ipoe.

Lakini mwaka huo alikuwa na kazi nyingine. Binti yake, Shadlia, hakuwa akiona tangu alipougua akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa msichana mkubwa na alitaka kuwa mwalimu. Mtihani wa kuingia chuo ulikuwa mwezi wa tisa, na somo lililomtisha ni historia. Kitabu cha somo hilo kwa nukta nundu hakikupatikana. Chama cha wasioona kikawapa kompyuta kuukuu na maiki ndogo. Mtu mwenye macho asome na arekodi, kisha Shadlia asikilize.

"Tutafute mtu gani tena?" Mabruka alisema. "Mimi nimeishia darasa la sita, lakini kusoma najua. Nitakusomea mwenyewe."

Kompyuta aliiweka sebule ya wageni. Hicho ndicho chumba cha heshima. Humo walipokelewa watu wa harusi na watu wa tanzia. Mabruka hakuona pengine panapofaa elimu ya mwanawe. Akasema Bismillahi, akasoma kurasa ishirini kwa sauti ya juu, kama mtu anayehutubia mkutano.

Siku ya tatu alimkuta Shadlia ameketi mbele ya kompyuta, amejifunga kitambaa kichwani, hedifoni ziko magotini.

"Kichwa tena?"

"Kidogo tu, Mama."

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

Shadlia alisita. "Wa nne."

"Wa nne! Mimi wa ishirini nimeumaliza tangu Jumapili. Umelala?"

"Sijalala. Usikasirike, Mama. Ni kama unanisomea kutoka kisimani. Kila neno linakuja na mwenzake nyuma. Halafu kuna kitu kinavuma, vuuu, hakinyamazi. Nikisikiliza robo saa, kichwa kinagonga."

Maneno hayo yalimwingia Mabruka. Zilibaki siku arobaini na kitabu kilikuwa kinene. "Basi sauti yangu imezeeka," alisema polepole.

"Sauti yako naipenda, Mama. Sitaki mwingine anisomee."

Mabruka akafikiri. Labda vitu vya sebuleni vinaizuia sauti isitoke vizuri. Akatoa mito yote. Akatungua mapazia. Akapiga deki upya, chumba kikawa cheupe kama yai. Akasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi. Shadlia alisikiliza dakika chache, akavua hedifoni. Mabruka akaenda jikoni kukata vitunguu, apate kisingizio cha machozi yake.

Jioni hiyo alikuja Ami Larusi, mzee wa nyumba ya tatu. Alileta zulia lishonwe pindo. Kabla ya kustaafu, Ami Larusi alifanya kazi ya kurekodi sauti redioni kwa miaka thelathini. Mabruka alimweleza shida yake, na mzee akaomba hedifoni asikie. Alisikiliza, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Lalla Mabruka," alimwita kwa heshima, "umesomea hamamuni, kwenye bafu la umma?"

"Hamamuni! Ami, Mungu akusamehe. Nimesomea sebuleni, chumba kizuri kuliko vyote!"

"Kizuri kwa macho. Hebu twende."

Aliingia sebuleni, akapiga kofi moja. Chumba kikalia, kofi likazunguka ukutani likarudi.

"Umesikia? Chumba kinakujibu. Vigae chini, ukuta mtupu, dari juu. Sauti inagonga na kurudi, na maiki inazinywa zote, ya kwanza na inayorudi. Wewe umetoa mito na mapazia. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinakusaidia."

"Nimeharibu kwa mikono yangu," Mabruka alisema.

"Umefanya usafi tu. Nani aliwahi kukufundisha? Tutafute chumba kisichojibu."

Walipita nyumba nzima. Ami Larusi alipiga kofi chumba cha kulala, akatikisa kichwa. Alipiga jikoni, akakunja uso. Alipofungua stoo akapiga, kofi lilikufa pale pale, kama limefunikwa kwa mkono. Mazulia yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari.

"Hapa!"

Mabruka alishika kiuno. "Ami, humu mna vitunguu na mitungi ya pilipili! Historia ya nchi niisomee vitunguu?"

"Vitunguu havisemi, Lalla. Hao ndio wasikilizaji ninaowapenda mimi."

Shadlia alicheka, mara ya kwanza wiki hiyo.

"Sasa huo uvumi," mzee aliendelea. "Ndani ya boksi la kompyuta mna feni. Maiki uliiweka wapi?"

"Juu ya boksi lenyewe, isianguke."

"Basi ulimrekodi feni, wewe ukawa mgeni wake. Kompyuta ikae nje ya stoo. Waya wa maiki upite chini ya mlango. Maiki yenyewe iweke juu ya taulo lililokunjwa, isipokee mtikisiko wa meza. Na friji izimwe kwa muda, na feni ya ukutani pia."

"Kwa joto hili? Mtanikuta nimeiva!"

"Soma baada ya alfajiri. Kuna ubaridi, na barabara haina pikipiki. Kurasa kumi, utoke, unywe maji."

Alimwonyesha umbali wa kukaa: shubiri moja kutoka mdomoni hadi kwenye maiki, nayo iwe pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Alimwonyesha na mstari wa sauti kwenye kioo cha kompyuta.

"Ukisoma, mstari ucheze kwenye kijani. Ukigusa nyekundu, sauti imepasuka, na hakuna fundi wa kuishona. Ukiwa chini kabisa nako kubaya, maana ukija kuikuza, uchafu wote unakua nayo. Na usihutubie. Huyo unayemsomea amekaa karibu yako, hayuko ng'ambo ya soko."

"Na mimi nifanye nini?" Shadlia aliuliza.

"Wewe ndiwe fundi, binti yangu. Kaa nje kwenye kompyuta na hedifoni zako. Kwanza mrekodi dakika moja, mkaisikilize. Ikiwa safi, endeleeni. Ukisikia kasoro, gonga mlango, mama arudie sentensi nzima."

Kesho yake, kabla jua halijapanda, Mabruka alijibana kati ya mazulia. Alisoma dakika moja. Akasubiri, akatega sikio mlangoni.

"Shadlia? Bado mbaya?"

Mlango ulifunguka. Shadlia alikuwa na hedifoni shingoni.

"Mama, kumbe ukifika mwisho wa sentensi unavuta pumzi kidogo. Nimekusikia." Akatabasamu. "Endelea. Nataka kujua ilikuwaje."

Haikuwa rahisi kila siku. Siku moja jirani aligonga kinu saa nzima, wakapoteza asubuhi. Siku nyingine Mabruka aliisogelea maiki mno, kila neno likaja na mlio wa pumzi. Shadlia aligonga mlango mara sita. "Fundi huyu ana maudhi!" Mabruka alinung'unika, lakini alirudia. Siku ya thelathini kitabu kilikwisha. Shadlia alikisikiliza chote mara mbili, na kitambaa cha kichwani hakikuonekana tena.

Siku ya mtihani Mabruka alimsubiri kwenye lango tangu asubuhi. Shadlia alitoka akipapasa njia kwa fimbo yake, mdomo wazi kwa kicheko.

"Swali la tatu, Mama! Lilikuwa kwenye ukurasa ule ulipokohoa."

"Nilikohoa? Na hukugonga mlango?"

"Ulikohoa, ukasema 'Alhamdulillahi', ukaendelea. Niliuacha ukurasa hivyo makusudi. Leo nilipoona jibu haliji vizuri, nikakumbuka kikohozi, na maneno yote yakaja nyuma yake."

Mabruka alitaka kumkemea, akashindwa. Alimshika mkono wakaondoka.

Wiki tatu baadaye jina la Shadlia lilisomwa kati ya waliofaulu. Kabla hajaenda chuoni, chama cha wasioona kiliomba rekodi hiyo, maana walikuwepo wanafunzi wengine kumi na mmoja waliosubiri kitabu hicho hicho. Walimpa Mabruka na kitabu cha jiografia akirekodi nacho, kama atapenda.

Alikifungua, akatazama ramani, akaguna.

"Hizi ramani nitazisomaje?"

"Utanieleza tu, Mama," Shadlia alisema, huku akivaa hedifoni. "Polepole, kama nimekaa karibu yako."