Kiti cha Babu Mtoni

Tangu mkewe afariki, Mzee Ramli alikuwa na sehemu moja tu ya kukaa: kona ya kochi, mbele ya televisheni. Asubuhi binti yake Norlela alimwacha pale akaenda kazini. Jioni alimkuta pale pale, na chai imepoa mezani.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Si nimesema nimekula?"

Norlela alimbembeleza atoke. Twende sokoni, Baba. Twende kwa shangazi. Mzee alitikisa kichwa. Siku moja, wakiwa mezani, mjukuu wake Qisya alimwambia, "Babu, tunakwenda kupiga kambi mtoni Bentong. Njoo ulale kwenye hema na mimi."

Mzee alitafuna tonge lake polepole, akameza. "Nitakuja," akasema. "Lakini mara moja tu. Nikiona tabu, narudi kwenye kochi langu, na mtu asinisumbue tena."

Norlela alifurahi mpaka akaunguza dagaa jikoni.

Mumewe, Hazwan, alifurahi pia, ila kwa sababu zake. Kila siku alikuwa akitazama kwenye simu picha za watu wapiga kambi, na kila siku kifurushi kililetwa mlangoni. Leo taa ndogondogo za rangi. Kesho meza ya mbao ya kukunja. Keshokutwa kinu cha kusagia kahawa kwa mkono. Kisha viti vya kitambaa, vya mtindo, vifupi mpaka karibu viguse ardhi.

"Baba Qisya, umechukua turubai la kufunga juu ya hema?" Norlela aliuliza.

"La nini? Hema ni jipya, halivuji."

"Na taa ya kupikia?"

"Taa si hizi? Tazama zinavyowaka!"

"Hizo ni za harusi, Baba Qisya. Nitaonaje kama samaki ameiva?"

"Utamuonja," akasema Hazwan, akacheka peke yake.

Walifika mtoni mchana. Hazwan alitandika nailoni kubwa chini, akasimamisha hema juu yake. Nailoni ilitokeza pande zote. "Unaona?" alisema kwa majivuno. "Tumepata na baraza." Kisha akatundika taa, akasaga kahawa, akapiga picha ya kahawa.

Mzee Ramli aliketi kwenye kiti kipya. Alizama. Magoti yake yalipanda karibu na kidevu.

"Vizuri, Baba?" Hazwan aliuliza.

"Vizuri," alisema mzee, kwa sauti ya mtu aliyetumbukia shimoni.

Alasiri ilipoingia, mzee alitaka kwenda kutawadha. Alijaribu kuinuka, hakuweza. Alijaribu tena, na kiti kikamfuata mgongoni. Hazwan alimvuta mbele, Norlela akamsukuma nyuma. Qisya, mtoto wa miaka sita, alicheka mpaka akaketi chini. Mzee hakucheka.

Kule mtoni mawe yalikuwa na utelezi. Norlela alimshika baba yake mkono kama mtoto anayefundishwa kutembea. Watu waliokuwa wakiogelea waliwatazama. Waliporudi, mzee alikitazama kile kiti. Magoti yake yalikuwa mabovu, naye siku hizi aliswali ameketi. Kwenye kiti kile angeswali vipi?

"Norlela," alisema taratibu. "Nirudishe nyumbani."

"Baba, ndiyo kwanza tumefika."

"Nilisema mara moja. Mara moja imekwisha."

Norlela hajajibu, mvua ikashuka. Ilipiga hema, ikateremka ubavuni, ikajaa kwenye ile nailoni iliyotokeza nje. Kutoka pale maji yaliingia chini ya hema, na magodoro yakaanza kulowa.

Hapo subira ya Norlela ilikatika.

"Kinu cha kahawa unacho!" alimpigia mumewe kelele. "Taa za harusi unazo! Baba yangu hana hata pa kukaa! Nani alikwambia tunakuja kupiga picha?"

"Sasa mimi mvua nimeileta?"

"Mvua hukuileta. Na turubai pia hukulileta!"

Wakasikia mtu anacheka. Mwanamke mnene, suruali ameikunja mpaka magotini, filimbi shingoni, alikuwa anakuja toka kambi ya jirani. Amejifunika mvua kwa kiti chekundu cha plastiki.

"Jamani, mnagombana vizuri, kule kwetu tumeacha kula tuwasikilize," alisema. "Mimi Rogayah. Mzee, shikamoo. Kalia hiki. Ni kiti cha karamu, kimekaliwa harusi zote za mtaani kwetu, na hakijamwangusha mtu."

Mzee Ramli aliketi. Miguu yake iligusa chini sawasawa. Aliweka mikono kwenye mikono ya kiti, akasimama mwenyewe. Akaketi tena. Akasimama tena, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

"Njoo uswali kwangu, mzee wangu. Pamekauka."

Mzee alikwenda. Rogayah akamgeukia Hazwan.

"Kijana, nailoni kubwa kuliko hema nani kakufundisha?"

"Nilidhani tutapata baraza, dada."

"Umepata bwawa. Mvua ikinyesha, nailoni iliyo nje inakinga maji na kuyapeleka chini ya kitanda chako. Ikunje. Kona yoyote isichungulie nje ya hema."

Walikunja pamoja. Rogayah alileta turubai lake la akiba na kamba. Alilifunga juu ya hema kwenye miti, upande mmoja juu, upande mwingine chini.

"Mbona umelipinda, dada?" Norlela aliuliza.

"Ukilinyoosha, maji yanakaa katikati, turubai linatota na kukuangukia. Ukilipinda, maji yanakimbia. Na liache nafasi juu ya hema, lisiligandamize. Upepo upite. Jua likiwaka, ndani hakuchemki."

"Hema lenyewe wameandika halivuji," Hazwan alinung'unika.

"Na ndani ya hema utapikia? Utakula? Mzee atakaa wapi mvua ikinyesha siku nzima, ndani kama kuku?"

Hazwan aliishika kamba, akaikaza.

Ghafla Rogayah aliutazama mto. Maji yalikuwa yameanza kuwa na tope, na majani yalielea juu yake. Alipuliza filimbi. Watoto waliokuwa wakioga walitoka mbio, na Qisya aliyekuwa amesimama ukingoni akatoka nao.

"Maji yakibadilika rangi, huko milimani mvua ni kubwa," alisema. "Hapo hungoji. Unatoka, unapanda juu. Mto una kelele, ukiita kwa mdomo mtoto hasikii. Filimbi anasikia."

Alimwonyesha Norlela na vitu vyake vingine. Dumu la maji lenye bomba, limewekwa juu ya meza: mtu anatawadha amesimama, hana haja ya kwenda kwenye mawe. Taa ya kufunga kichwani: mikono yote miwili inabaki kwenye sufuria. Kamba ya kuanikia nguo mbichi. Kila kitu kilikuwa cha kawaida.

"Basi haya yangu nitupe?" Hazwan aliuliza kwa unyonge.

"Usitupe! Kahawa ni raha. Lakini kwanza jiulize, mtu wangu dhaifu kuliko wote atakaa wapi, atatawadha wapi, atalala wapi pakavu? Ukishamaliza hayo, sasa leta na taa zako za harusi."

Jioni ile walikula mihogo ya kuchemsha na pilipili kwa Rogayah. Mzee alikula, akaongeza. Asubuhi, garini, Norlela alimuuliza kwa woga, "Baba, utakuja tena?"

"Kile kiti alikinunua wapi yule mama?" alisema mzee. Hakusema jingine.

Likizo iliyofuata walirudi, nao Rogayah na mumewe wakaja. Safari hii Hazwan alipakia kiti kirefu cha plastiki kabla ya kitu kingine chochote. Turubai lilipinda inavyotakiwa. Mvua ilinyesha, nao wakakaa chini ya turubai wakiwa wakavu, wakila samaki wa kuchoma. Mzee alitawadha mwenyewe, akaswali mwenyewe. Mume wa Rogayah alimwazima ndoano.

Siku ya kuondoka jua lilikuwa kali, na mto ulikuwa safi mpaka mawe yanaonekana. Hema limeshakunjwa, gari limejaa, Qisya amefunga mkanda. Babu hayupo.

Norlela alimkuta mtoni. Alikuwa amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka pale maji yanapofika kwenye vifundo vya miguu. Amekikalia, ndoano mkononi.

"Baba! Tunaondoka!"

Mzee alirusha ndoano upya.

"Baba, kila mtu yuko garini anakungoja! Kiti ndicho pekee kilichobaki!"

"Samaki hajala," alisema mzee.

Norlela aliweka mikono kiunoni. Jasho lilimtiririka, njaa ilimuuma. "Na atakula saa ngapi?"

"Muulize yeye," akajibu mzee, bila kugeuka.