Mlango Usio na Kitasa

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la mikate, mji wa Hamtramck.

Leland Strake aliweka picha mezani, juu ya makombo ya keki. Gari la rangi ya divai, boneti ndefu kama ya magari ya enzi za babu zao. Liliundwa moja tu, la maonyesho. Kampuni haikuthubutu kutengeneza mengine ya kuuza. Jumatatu lingepelekwa kusagwa.

"Leo Sikukuu ya Shukrani. Mji mzima unatazama mpira," Leland alisema. "Mlinzi tumeshamlainisha. Renata analitoa, analileta kwenye lori. Teo anabaki nami na rimoti ya milango."

"Halafu mdogo wangu hakufanyii kazi tena, yuko huru," Renata Kosmala alisema.

"Nimeshasema, mama."

"Rudia. Asikie mwenyewe."

"Yuko huru."

Teo alicheka. "Dada, unaninunua au unaniuza?"

Renata hakucheka. Hakuwa na sababu nyingine ya kuwa pale ila huyo mdogo wake.

Saa saba mchana. Ghala la kampuni.

Teo alibonyeza rimoti. Mlango wa gari ukainuka, Renata akaingia, mlango ukajifunga. Miaka kumi na tisa kiwandani alikuwa akifunga vitasa vya milango ya magari. Hakuwahi kuona mlango usio na kitasa cha ndani. Kwa hiyo hakutazama.

Wenzake wakatangulia kwenye lori.

Saa saba na robo. Uchochoro.

Lori lilikuwa mbele yake, mteremko wa chuma wa kupandishia gari umeshushwa. Injini ya gari ikakohoa, ikazimika. Tangi lilitiwa mafuta ya kupandia jukwaani na kushukia, basi. Nyuma, ving'ora vya polisi. Mlinzi alilainishwa; kengele haikulainishwa.

Renata akapapasa mlango. Ngozi laini, mwanzo hadi mwisho. Kioo kilikuwa plastiki nene iliyogandishwa kwa gundi.

"Teo! Fungua!"

Teo alikuja mbio. Leland akamdaka mkono.

"Njagu wakikuta gari na mtu ndani, wataridhika. Wakikuta gari tupu, watatusaka sote."

"Ni dada yangu, mzee."

"Ndiyo maana hatakutaja."

Teo alisimama. Kisha akaiweka rimoti juu ya boneti, taratibu, kama anayeogopa kukwaruza rangi. Akapanda lori bila kugeuka.

Askari wa kwanza alilizunguka gari, bastola mkononi, akitafuta pa kushika.

"Toka nje!"

Renata akanyoosha kidole kwenye boneti. Askari akabonyeza rimoti. Mlango ukainuka polepole, kama jukwaani.

"Mlikuwa wangapi?"

"Peke yangu," alisema Renata.